Kulima Syrah: kuanzia kuchagua mteremko hadi kupima punje za mwisho

Wafaransa huiita Syrah, Waaustralia huiita Shiraz, na Afrika Kusini utayakuta majina yote mawili kwenye chupa. Mzabibu ni uleule. Mwaka 1998 uchunguzi wa vinasaba wa Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na Jean-Michel Boursiquot wa Montpellier ulibainisha wazazi wake: Dureza, zabibu nyeusi ya Ardèche, na Mondeuse Blanche, zabibu nyeupe ya Savoie. Wazazi wote wawili ni wa kusini-mashariki mwa Ufaransa, kwa hiyo ile hadithi ya kwamba ilitoka mji wa Shiraz huko Uajemi haina tena pa kusimama. Takwimu za Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Divai (OIV) za mwaka 2015 zilihesabu takriban hekta 190,000 za Syrah duniani, na zaidi ya nusu ziko Ufaransa na Australia.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuipanda, au ameshaipanda na hajaridhika na anachovuna. Syrah hukua kwa pupa, matawi yake hayana adabu, na mwisho wa msimu punje zake hunywea ghafla. Ukiyajua hayo matatu mapema, kazi nyingine ni ya kawaida ya mizabibu.

1. Amua aina ya divai kabla ya kuchimba shimo

Harufu ya pilipili manga inayosifiwa kwenye Syrah si maneno ya wauzaji tu. Inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ileile iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe, na watafiti wa Australia waliitangaza mwaka 2008. Nanogramu 16 ndani ya lita moja ya divai nyekundu zinatosha mtu kuinusa. Katika majaribio yale, mtu mmoja kati ya watano hivi hakuinusa kabisa hata ilipoongezwa mara nyingi zaidi ya hapo. Mkibishana mezani kama divai ina pilipili au haina, huenda nyote mnasema kweli.

Kwa mkulima, jambo la maana ni kwamba rotundoni hukaa kwenye ganda la punje, hujikusanya wiki za mwisho za kuiva, na hupungua punje zikikaa muda mrefu kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25 za Selsiasi. Ndiyo maana eneo la Grampians huko Victoria, Australia, lenye baridi kiasi, hutoa Shiraz yenye pilipili nyingi, na hata ndani ya shamba moja sehemu zenye kivuli huwa nayo nyingi kuliko zile zinazochomwa na jua. Bonde la Barossa, lenye joto, hutoa divai nzito yenye ladha ya matunda meusi yaliyoiva sana. Hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine. Ila usipande mahali pa Barossa ukitarajia divai ya Côte-Rôtie, miteremko ya Rhône ya kaskazini huko Ufaransa, maana hakuna fundi wa kiwandani atakayekurekebishia hilo.

Kwa ujumla Syrah hustawi pale ambapo wastani wa joto la msimu wa kukua ni takriban nyuzi 16 hadi 19. Huchipua kwa kuchelewa kidogo, na hiyo huikinga na baridi kali ya mwanzo wa msimu. Baridi kali ya katikati ya majira ya baridi ni jambo jingine. Katika jimbo la Washington, Marekani, ambako Syrah ilianza kupandwa mwaka 1986 kwenye shamba la Red Willow, wakulima wengi huacha mashina mawili kwa kila mzabibu ili baridi ikiua moja libaki jingine.

Mahali pasipo na majira ya baridi, mzabibu haulali, na kupogoa ndiko kunakouambia msimu umeanza. Nitalirudia hili kwenye hatua ya tano kwa sababu hapo ndipo ukanda wa joto una faida yake.

2. Udongo: uwe mkavu wa kutosha, na uogope chokaa

Kilima cha Hermitage, kwenye mto Rhône, kina miamba ya matale upande wa magharibi, na huko ndiko hutoka baadhi ya Syrah ngumu na za kudumu kuliko zote. Côte-Rôtie ni shisti, mwamba wa tabaka tabaka. Gimblett Gravels huko Hawke's Bay, New Zealand, ni changarawe tupu ya mto wa zamani: mafuriko ya mwaka 1867 yalihamisha mto Ngaruroro na kuacha mawe ambayo kwa miaka mingi watu waliyaona hayafai kwa lolote. Mawe hayo hushika joto la mchana na kupitisha maji upesi, na bila hayo Syrah isingeiva vizuri kwenye nchi ya baridi kama ile.

Mahali pote hapa maji hayatuami na chakula ni kidogo. Udongo mzito wa mfinyanzi wenye rutuba nyingi utakupa majani ya kulisha ng'ombe, si zabibu. Pima pia chokaa. Syrah ni dhaifu kwenye udongo wa chokaa nyingi: hushindwa kufyonza madini ya chuma, majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mavuno yanashuka mwaka hadi mwaka.

Mbolea ya samadi weka kwa mkono mgumu, na potasiamu usiweke bila kupima. Syrah hufyonza potasiamu kwa urahisi, nayo ikifika kwenye punje hupunguza uchachu. Divai hutoka ikiwa bapa na huharibika upesi.

3. Miche: hapa usibane matumizi

Nunua miche ya kubebesha kutoka kitalu kinachopima virusi. Sababu ya kubebesha ni filoksera, mdudu mdogo wa mizizi aliyeangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19. Mizabibu ya Kimarekani humvumilia, hivyo mizizi huwa ya Kimarekani na sehemu ya juu huwa Syrah. Jimbo la Australia Kusini halijawahi kuingiliwa na filoksera, ndiyo maana Barossa kuna Shiraz iliyopandwa mwaka 1843 ambayo bado inazaa juu ya mizizi yake yenyewe. Ukifika huko utaombwa usafishe viatu kabla ya kuingia shambani. Tii.

Shina la chini huchaguliwa kwa udongo. 110 Richter huvumilia ukame, 140 Ruggeri huvumilia chokaa, 3309 Couderc hutumika sana Rhône ya kaskazini, na Ramsey ni ya udongo wa kichanga wenye minyoo fundo, wale wadogo wanaoshambulia mizizi. Kama huna uhakika na udongo wako, gharama ya kuupima ni ndogo kuliko ya kung'oa hekta nzima baada ya miaka minane.

Syrah ina tatizo lake la pekee kwenye kiungo cha kubebeshea. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa kusini mwa Ufaransa walianza kuona kiungo kikivimba, gome likipasuka kwa mistari mirefu, majani yakiwa mekundu kabla ya wakati, na baada ya miaka kadhaa mzabibu unakufa. Ugonjwa huo hutegemea sana kloni, yaani ukoo wa miche iliyotokana na mzabibu mmoja. Kloni namba 470 ni miongoni mwa zinazostahimili, nayo hupendwa pia kwa ubora wa divai yake. Uliza namba ya kloni, na muuzaji asiyeijua mwache.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa: Petite Sirah si Syrah. Ni Durif, mtoto wa Syrah na Peloursin, na tabia zake ni nyingine kabisa. Kwa uthibitisho wa macho, angalia ncha ya chipukizi la Syrah likiwa changa: limefunikwa na manyoya meupe mazito, kiasi kwamba ukilishika linahisi kama kitambaa cha sufu. Baadaye vichala huwa virefu na vyembamba, na punje huwa ndogo, zimechongoka kidogo kama yai, nyeusi yenye vumbi la bluu.

4. Nafasi, nguzo na upepo

Matawi ya Syrah hukua marefu, hulala chini, na huvunjika kirahisi penye kiungo chake na shina yakiwa bado mabichi. Upepo mmoja wa nguvu unaweza kukutoa mavuno ya mwaka. Ndiyo sababu ya zile nguzo unazoziona kwenye picha za Rhône ya kaskazini: Hermitage kila mzabibu una mti wake wa kufungiwa, na Côte-Rôtie huegemezwa miti miwili ikafungwa pamoja juu, ili upepo wa Mistral usiuangushe. Kazi yote huko ni ya mkono, maana trekta halipandi miteremko ile.

Kwenye ardhi tambarare tumia waya. Waya wa chini uwe mita moja hivi kutoka ardhini, juu yake weka jozi mbili au tatu za waya za kubana matawi yasimame wima. Pitisha matawi ndani ya waya mapema, kabla hayajalala. Ukichelewa wiki mbili utakuwa unayavunja badala ya kuyasimamisha.

Barossa mashamba mengi ya zamani yana waya mmoja tu, na matawi huachwa yaanguke pande zote. Linaonekana kama shamba lililotelekezwa, lakini mwavuli huo hukinga vichala na jua kali. Swartland, Afrika Kusini, Syrah nyingi hukuzwa kama vichaka vifupi visivyo na waya wala umwagiliaji. Njia hiyo ni nzuri mahali pakavu penye udongo mzuri wa chini, lakini mahali pa mvua nyingi itakuletea ukungu.

Kuhusu nafasi, fanya hesabu hii. Côte-Rôtie mizabibu inaweza kufika 10,000 kwa hekta. Ukipanda mistari ya mita 3 na mita 1.8 kati ya mizabibu, kama ilivyo kwenye mashamba mengi ya trekta, unapata 1,850 hivi. Ukilenga tani 5.5 kwa hekta, mzabibu wa kwanza unabeba kilo nusu na ushei, wa pili kilo 3. Mzabibu mpana unaweza kubeba kilo 3 za zabibu nzuri bila shida, mradi uwe na majani ya kutosha. Msongamano hausaidii kwa wenyewe, husaidia pale udongo ni maskini na kila mzabibu ni mdogo.

5. Kupogoa

Mwaka wa kwanza jenga mizizi, wa pili jenga shina moja lililonyooka, wa tatu laza mikono kwenye waya. Mavuno ya mwaka wa pili yang'oe yote, hata kama roho inauma.

Baada ya hapo, Syrah ni rahisi kupogoa kwa sababu macho yake ya chini (vifundo vinavyochipua) yanazaa. Acha vijiti vifupi vyenye macho mawili mawili kwenye kila mkono, na ulenge matawi 10 hadi 15 kwa kila mita ya mstari. Pogoa siku kavu. Vimelea vinavyooza shina huingia kupitia majeraha mabichi wakati wa mvua, na majeraha makubwa ni vyema yapakwe dawa ya kuziba siku ileile.

Mahali pasipo na baridi, kuna njia mbili zilizothibitishwa Brazili. Ya kwanza ni ya bonde la mto São Francisco, karibu na nyuzi 9 kusini mwa ikweta: shamba hugawanywa vipande, kila kipande hupogolewa tarehe yake, na mavuno yanaweza kupatikana mwezi wowote, zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ya pili ndiyo ninayoiona ya busara zaidi kwa Syrah. Kwenye milima ya Minas Gerais, ambako mvua hunyesha wakati zabibu za kawaida zinaiva, mtafiti Murillo de Albuquerque Regina aliongoza majaribio ya kupogoa mara mbili. Upogoaji wa kwanza, karibu na Agosti, ni wa kukuza matawi tu, na vichala vyake huondolewa. Wa pili, Januari au Februari, ndio wa mavuno, na zabibu huiva Juni hadi Agosti, majira makavu yenye mchana wa jua na usiku wa baridi. Mavuno ni mara moja tu kwa mwaka, lakini punje ni nzima.

Ili macho yafumbuke kwa pamoja mahali pa joto, wakulima hupaka dawa ya saianamidi ya hidrojeni baada ya kupogoa. Dawa hiyo ni sumu. Vaa glavu na kinga ya macho, na mtu aliyeishika asiguse pombe siku hizo kabisa, kwani mchanganyiko huo mwilini humletea ugonjwa mkali.

6. Majani: acha upande wa jua la alasiri

Wiki chache baada ya kuchanua, punguza majani kuzunguka vichala ili hewa ipite, lakini upande unaopata jua la asubuhi tu. Upande wa alasiri uache. Punje zilizoungua huwa na ngozi ngumu ya kahawia, na ladha yake hupita moja kwa moja kwenye divai. Kama unataka pilipili, acha kivuli zaidi. Kila tawi linahitaji majani 12 hadi 15 kuivisha mzigo wake. Kinachozidi hapo kata ncha.

7. Maji

Grenache, jirani wa Syrah kusini mwa Ufaransa, hufunga mapema vitundu vya majani udongo ukianza kukauka. Syrah haijali. Huendelea kunywa na kupumua kana kwamba mvua itanyesha kesho, kisha huishiwa ghafla na majani ya chini huanza kuanguka. Kwa hiyo usiusubiri mzabibu wenyewe ukuonyeshe kiu. Chimba sentimita 40 ushike udongo.

Ukitumia umwagiliaji wa matone, bana maji kuanzia punje zinapotunga hadi zinapoanza kubadili rangi. Huo ndio wakati wa kupunguza ukubwa wa punje na kusimamisha ncha za matawi. Zikishageuka rangi, rudisha maji kidogo kidogo kwa utaratibu. Kuunyima maji mzabibu wa Syrah wiki za mwisho ukidhani unaongeza ubora ni kuharakisha kunywea.

8. Magonjwa

Ubwiri unga ndio adui wa kila msimu. Hatari zaidi ni kuanzia kuchanua hadi wiki nne baadaye, kwa hiyo piga salfa kabla hujaona unga wowote. Usipige joto likifika nyuzi 32 au zaidi, itaunguza majani. Acha kupiga wiki tano kabla ya mavuno, la sivyo chachu itageuza mabaki yake kuwa harufu ya mayai viza ndani ya pipa.

Ubwiri vinyoya hutegemea mvua. Kanuni inayotumika Australia ni rahisi kukariri: mvua ya milimita 10, joto la nyuzi 10 au zaidi, ndani ya saa 24, basi maambukizi ya kwanza yanawezekana. Dawa za kopa hukinga, haziponyi.

Utitiri huipenda Syrah, hasa kwenye vumbi. Mwagia maji njia za shamba, na usipige dawa kali za wadudu ovyo, maana utaua wale wanaokula utitiri.

9. Siku ya kuvuna

Hapa ndipo Syrah hupoteza watu. Siku 85 hadi 95 hivi baada ya kuchanua, punje huanza kupoteza maji na kunywea, zikiwa bado zimeshika kwenye kichala. Kipima sukari kinaendelea kupanda, na mkulima anafurahi akidhani zabibu zinaiva.

Pima hivi. Mara mbili kwa wiki chuma punje 100, pande zote mbili za mstari, juu, katikati na chini ya vichala tofauti. Zipime uzito kwanza, kisha zikamue usome Briksi (asilimia ya sukari) na pH (kipimo kinachopanda uchachu ukipungua). Tuseme wiki hii punje 100 zina gramu 150 na Briksi 22: hiyo ni takriban gramu 33 za sukari. Wiki ijayo zina gramu 130 na Briksi 25. Zidisha: ni gramu 32.5, karibu zilezile. Majani hayakuongeza sukari yoyote. Maji ndiyo yaliyoondoka, na kama unauza kwa kilo, asilimia 13 ya fedha zako imeondoka nayo.

Kisha tafuna. Weka punje tatu mdomoni, meza maji yake, utafune maganda peke yake, halafu mbegu. Ganda lililoiva hutoa rangi nyingi ya zambarau na halikaushi ulimi sana. Mbegu iwe ya kahawia na ivunjike kwa mlio, si ya kijani inayonata kwenye meno.

Kwa divai ya pilipili na uchachu, wengi huvuna kwenye Briksi 22 hadi 23.5, na kileo hutoka karibu asilimia 12.5 hadi 13.5. Mtindo mzito hupanda hadi 25 au zaidi, na kileo hupita 14. pH ikishapita 3.7 mimi ningevuna hata kama sukari ingeweza kusubiri. Vuna alfajiri, vichala vikiwa baridi, na uvipeleke kukamuliwa siku hiyohiyo. Kama una mizabibu michache ya Viognier, zabibu nyeupe, vuna pamoja uvitie kwenye pipa moja: sheria za Côte-Rôtie huruhusu hadi asilimia 20, lakini wengi huweka chache tu, kwa harufu na kuimarisha rangi.

10. Kabla majani hayajaanguka

Mwagilia mara moja au mbili baada ya mavuno, kwani majani bado yanaweka akiba kwenye mizizi. Kisha pita kila mstari ukiwa na rangi ya kupaka. Weka alama kwenye shina la kila mzabibu ambao majani yake yamekuwa mekundu kabla ya mengine, na kila ambao matawi yake yamebaki ya kijani na laini kama mpira wakati mengine yameshakuwa magumu ya kahawia. Dalili hii ya pili ndiyo wakulima wa Afrika Kusini wanaijua kama ugonjwa wa Shiraz, unaohusishwa na virusi vya aina ya A vya mizabibu. Hauna tiba. Mizabibu yenye alama usichukue vipandikizi kutoka kwayo, na ing'oe kabla hujaanza kupogoa msimu mpya.